Mdomo wa Fundi Vioo

Kwa miaka minane mke wa Fundi Vioo ndiye aliyekuwa mdomo wake. Buchani, mkewe ndiye aliyesema nusu kilo, isiyo na mifupa. Kwa mwenye nyumba, mkewe ndiye aliyepeleka habari za bomba linalovuja. Simu ikilia, Fundi alimtazama mkewe kama mtu anayetazama mvua ilhali mwavuli anao mwenzake, naye mkewe akanyoosha mkono akaipokea.

Fundi hakuwa bubu. Alikuwa na kigugumizi kilichomshika akiwa na miaka mitano na hakikumwachia tena. Herufi iliyomtesa kuliko zote ilikuwa m. Na Kiswahili kilivyo, ukishaiogopa m utasema nini? Mtu ni m. Mke ni m. Mtoto, mama, maji, mlango, mkate; hata ukitaka kumlalamikia Mungu, sharti uanze na m hiyo hiyo. Ndiyo sababu yeye hakuwahi kumwita mwenzake mke wangu. Alimwita Kipenzi. Watu waliona ni mahaba, na mahaba yalikuwepo, ila k ilipita kooni bila kupiga hodi.

Kazi yake ilimfaa. Duka la vioo lilikuwa chini ya jengo la ghorofa, lenye meza ndefu iliyotandikwa zulia kuukuu ili kioo kisikwaruzike. Mwenye duka, ambaye kila mtu alimwita Mzee ingawa sitini hajafika, alizungumza na wateja mbele. Fundi alikaa nyuma, akapima, akapitisha kikata kioo mara moja tu, kwa sababu kioo hakirudiwi, kisha akakiegemeza ukingoni mwa meza na kukibonyeza. Tak. Kikaachana pale pale alipotaka. Siku nyingine ilipita tangu asubuhi hadi jioni bila yeye kutoa neno ila "ndiyo" na "tayari," na hakuna aliyeona ajabu.

Mkewe alikuwa msusi. Yeye alifanya kazi kwa vidole na kwa mdomo, na wateja walisema kwamba ukitoka kwake umesukwa nje na ndani. Lakini nyumbani hakumsemea mumewe. Nyumbani alingoja. Fundi aliweza kukwama kwenye neno moja mpaka chai ikapoa, na mkewe akabaki amemtazama tu, hamsaidii, hakunji uso, hana haraka ya kwenda popote. Katika dunia nzima huyo ndiye mtu pekee aliyewahi kuingoja sentensi yake mpaka ikafika mwisho.

Mimba ilikuja baada ya nyingine mbili kuharibika. Safari hii hawakumwambia mtu hata mmoja mpaka tumbo lilipowasema lenyewe. Yule wa tumboni walimwita Mgeni. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," mkewe alisema kila asubuhi akifunga viatu, mpaka ikafika siku ambayo hata viatu vyenyewe hakuviona tena, akawa anafungiwa na mumewe.

Mwezi wa saba wa mimba ulipoisha, majira ya baridi yalikuwa yameshashika mji. Theluji ya kwanza ilianguka ikayeyuka, ya pili ikakaa. Ndipo miguu ya mkewe ikaanza kuvimba, kichwa kikawa kinamgonga, macho yakamwonyesha vimulimuli mchana kweupe. Daktari alimpima presha mara tatu, mkono huu na mkono ule, akakunja mpira wa kipimo taratibu.

"Mama, hapa hutoki tena," alisema. "Utalala hapa hapa mpaka ujifungue."

"Kesho naweza kuja," mkewe alisema. "Nina kichwa cha mtu nimekiacha nusu."

"Kichwa cha kuangalia ni chako."

Walipobaki wawili, mkewe alimpa Fundi maagizo: pasi isiachwe kwenye umeme, ua la dirishani linywe maji Jumapili, mama yake aambiwe polepole asije akashtuka. Kisha akamshika mkono.

"Na wewe sasa, nani atakusemea?"

Fundi alicheka ili amtoe wasiwasi. Njiani kwenda nyumbani, akiwa amebeba koti la mkewe mkononi, hakucheka.

Muda wa kuona wagonjwa ulikuwa saa tisa hadi saa kumi alasiri. Kesho yake Mzee alimruhusu atoke mapema, naye akafika saa tisa kasoro na machungwa manne kwenye mfuko. Mlangoni mwa wodi alikaa muuguzi mwenye daftari, na mbele yake foleni.

"Unamwona nani?" muuguzi aliuliza bila kuinua macho.

"M-m-m..." Midomo ya Fundi ilifungana kama iliyobandikwa kwa gundi. "M-m..."

Nyuma yake mtu alikohoa. Mwingine alicheka kwa pua. Muuguzi akainua macho.

"Kaka, una mgonjwa au mgonjwa ni wewe? Kaa pembeni kwanza, wenzako wapite."

Fundi alikaa pembeni. Wenzake walipita. Walipokwisha kupita hakurudi mezani, alitoka nje. Alizunguka ua wa hospitali, akapita jikoni kulikotoka mvuke, akapita ukuta wa chumba cha kufulia, akazunguka tena, theluji ikimwingia viatuni. Raundi ya tatu alisimama, akatoa kalamu nene anayotumia kuandikia juu ya kioo, akaandika jina la mkewe kwenye mfuko wa machungwa. Akarudi, akauonyesha. Muuguzi alisoma, akaangalia daftari, akasema kitanda cha kumi na moja. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika nane.

"Ulikuwa wapi?" mkewe alimuuliza. Alikuwa ameketi ameelekea mlango, na ilionekana alikaa hivyo tangu saa tisa.

"Kazi," Fundi alisema. "Kazi nyingi leo."

Huo ulikuwa uongo wake wa kwanza kwa mkewe, na wala haukumkwama ulimini hata kidogo.

Wiki ziliendelea. Mfuko ule wa machungwa aliuhifadhi akawa anakwenda nao kila siku, mpaka wauguzi wakamzoea na hawakuuhitaji tena. Saa moja ile ilipita upesi. Saa ishirini na tatu nyingine hazikujua kupita. Alirudi kwenye vyumba viwili vilivyopoa, akawasha jiko, akapika chakula cha mtu mmoja na kila mara kikazidi. Alikula amesimama. Ghorofa ya juu watu walitembea, walivuta viti, walicheka, naye akajua muda wao wa kula na muda wao wa kugombana bila kuzijua sura zao. Buchani aliacha kwenda. Alikula mayai, kwa sababu mayai yalikuwa dukani kwenye rafu, mtu anachukua mwenyewe bila kuulizwa.

Kuhusu mama mkwe, Fundi alimwandikia ujumbe. Mama mkwe aliishi mbali, nyonga yake imevunjika tangu vuli, na kusafiri hakuruhusiwa. Lakini hakuwa mtu wa kuridhika na ujumbe. Alipiga simu. Fundi aliitazama ikilia mara tatu, mara ya nne akaipokea.

"Haloo? Haloo! Ni nani anapumua?"

"M-m..."

"Ni wewe, mwanangu. Basi usijisumbue. Sikiliza, nitauliza, wewe gonga. Mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Binti yangu yu hai?"

Fundi akagonga simu kwa ukucha mara moja.

"Mtoto anacheza tumboni?"

Moja.

"Wewe unakula?"

Alisita kidogo, akagonga moja.

"Mwongo. Ungekuwa unakula ungegonga kwa nguvu."

Tangu hapo mama mkwe alipiga kila siku Fundi atokapo hospitali, na hayo ndiyo yakawa mazungumzo yake marefu kuliko yote. Wakati mwingine bibi yule aliishiwa maswali, wakakaa tu kimya, mmoja huku na mwingine kule, hakuna anayetaka kukata.

Jumapili moja Fundi alishughulikia dirisha. Kitanda cha mtoto kingewekwa kwenye pembe ile ya chumba, na pembe ile ilipitisha baridi. Asubuhi kioo kiliota barafu kwa ndani. Alikata kioo cha pili, akakipachika mbele ya kile cha zamani kukiwa na nafasi ya kidole kati yavyo, akaziba kingo. Akifanya kazi, alijikuta anaongea. "Hapa tunasukuma kidogo. Hapo sawa. Msumari mmoja hapa, mwingine pale. Mtoto wangu hapigwi na upepo mimi nikiwa hai." Akanyamaza, kisanduku cha misumari mkononi. Hakukwama popote. Haikuwa mara ya kwanza. Tangu utotoni, akiwa peke yake, maneno yalimtoka kama ya mtu mwingine yeyote. Alikuwa hajamwambia mkewe. Angemwambiaje? Kwamba ulimi wake ni mzima wakati hayupo mtu wa kuusikia?

Simu ya hospitali ilikuja dukani Jumanne, saa nne asubuhi. Mzee aliipokea, akasikiliza, akaiweka chini polepole.

"Wanasema presha imepanda vibaya. Wanampeleka kupasuliwa sasa hivi, wasipomtoa mtoto mkeo atapata kifafa cha mimba." Akaona Fundi bado ameshika kioo. "Weka hicho chini, baba. Nenda!"

Mabasi yalikuwa yamesimama kwa theluji. Fundi alikwenda kwa miguu, nusu mbio, nusu kuteleza, na aproni yake ya kazi bado kiunoni. Alianguka mara mbili. Alipofika alikuwa hana pumzi ya kusema hata herufi nyepesi, lakini muuguzi yule yule wa daftari alimwona, akainuka kitini.

"Umepata binti," alisema. "Kilo moja na gramu mia tisa. Anapumua mwenyewe. Mama yake bado hajazinduka, wako naye. Huko hutaruhusiwa kuingia leo."

Binti. Fundi alitikisa kichwa kuitikia, akatikisa tena, na tena, kwa sababu hakuwa na jingine la kufanya.

Walimkalisha kwenye kiti cha kuegemea ndani ya chumba cha watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Walimwambia afungue shati. Muuguzi akamletea kitu kidogo chekundu chenye kofia ya sufi, akakilaza kifuani kwake, ngozi kwa ngozi, akawafunika kwa blanketi. Kilikuwa na joto. Kilinukia kama unga mbichi. Moyo wa mtoto ulipiga upesi mno, kama wa ndege.

"Ongea naye," muuguzi alisema. "Watoto hawa wanatulia wakisikia sauti waliyoizoea."

"S-sauti aliyoizoea," Fundi alisema kwa taabu, "siyo ya-yangu."

Muuguzi alimtazama kwa muda. "Basi na aizoee," akasema, akaenda kwa mtoto mwingine.

Fundi alikaa. Dirisha la chumba lile lilikuwa na kioo chembamba, cha milimita tatu, na puti inayokishika kwenye fremu imepasuka. Hata pale jicho lake la kazi liliona. Mtoto alijinyonganyonga, akakunja uso, akaanza kulia kilio chembamba kama cha bawaba isiyotiwa mafuta.

"Usilie," Fundi alisema. "Mimi ni baba yako. Mama yako amelala, amechoka sana, wewe umemchosha, ila atakuja. Mimi hunijui. Mimi ndiye niliyekuwa kimya. Ulipokuwa unasikia maneno mengi, huyo alikuwa mama yako. Ukisikia pale kati hakuna kitu, huyo alikuwa mimi."

Mtoto alinyamaza. Fundi naye alinyamaza, kwa mshangao. Kisha akaendelea, chini kwa chini, akiogopa kwamba akisimama njia itafungwa. Alimweleza mtoto habari za kioo, jinsi kinavyokatwa mara moja tu. Alimweleza habari za bibi yake anayezungumza kwa kugongewa. Alimweleza mambo ambayo hakuwahi kumweleza mtu: mwalimu aliyemsimamisha mbele ya darasa asome huku wenzake wakihesabu kwa sauti amekwama mara ngapi, jinsi alivyokaa miezi mitano akimtazama msusi mmoja kupitia kioo cha saluni alichokiweka yeye mwenyewe, asijue atamwanza vipi. M zote zilipita. Mama, mwalimu, miezi, msusi.

Siku hiyo alikaa mpaka walipomtoa. Kesho yake alirudi, na keshokutwa. Mkewe alikuwa amezinduka lakini haruhusiwi kuinuka. Fundi aliingia kumwona kwa dakika chache, akamshika mkono, akamwambia ni binti, a-anafanana na wewe, na mkewe akafumba macho kwa uchovu. Kisha alirudi kwenye kiti chake, kwa binti yake, na maneno yakafunguka tena. Alijua saa zile zina mwisho. Alizitumia kama mtu anayechota kwenye bomba linalokaribia kukatwa maji.

Siku ya nne, muuguzi alimleta mkewe kwa kiti cha magurudumu. Fundi alikuwa amekaa ameupa mlango mgongo.

"...na mama yako ukimwona usimwogope kwa kelele," alikuwa akimwambia mtoto. "Maneno yake mengi ni kwa ajili ya watu. Usiku akinyamaza ndipo utakapomjua. Mimi nampenda zaidi akinyamaza, lakini usimwambie, atadhani nimechoka kusikia."

Aligeuka kwa sababu alihisi hewa baridi ya mlango. Mkewe alikuwa pale, midomo imekauka, nywele zake, yeye msusi, zimesimama huku na huku. Machozi yalikuwa yanamtiririka.

"K-Kipenzi," Fundi alisema.

Mkewe alinyoosha mikono apewe mtoto. Akamshika, akamwangalia kidole kwa kidole, akambusu paji la uso, akalia tena. Mumewe hakumtazama hata mara moja. Muuguzi alidhani ni furaha ya uzazi, akatoka kwa heshima.

Wiki mbili baadaye waliruhusiwa kwenda nyumbani. Mzee aliazima gari akawapeleka. Pembe ya mtoto ilikuwa na joto, kioo cha pili kilifanya kazi yake, na mkewe aliligusa dirisha kwa kiganja akasema, "Umefanya vizuri." Zaidi ya hapo hakusema. Mwanamke aliyeweza kuzungumza na sufuria sasa alinyonyesha kimya, akabadilisha nguo za mtoto kimya, akalala ameelekea ukutani. Mama mkwe alipopiga simu alijibu "ndiyo" na "hapana," mpaka bibi akauliza kama naye aanze kugonga. Fundi alipokwenda kazini aliacha nyumba yenye watu wawili, akarudi akaikuta kama ilivyokuwa mkewe akiwa hospitali, isipokuwa sasa upweke ulikuwa wa wawili, kila mmoja na wake. Naye hakuthubutu kuzungumza na mtoto mkewe akiwa karibu. Alimbeba tu, akamtembeza.

Siku ya tisa, mchana wa Jumapili, mkewe alisema bila kugeuka:

"Mbona humwongeleshi?"

Fundi alisimama, mtoto begani.

"Miaka minane," mkewe aliendelea. "Nimekungoja miaka minane. Kila neno. Nilidhani hivyo ndivyo ulivyo, na sikujali, nilikuchukua hivyo. Kumbe unaweza. Kumbe maneno yapo, ila siyo kwangu. Mtu wa siku nne amepewa yote."

"S-siyo hivyo."

"Ni vipi basi?"

Fundi alikaa kitandani. Alijua anachotaka kusema. Kilikuwa kimejipanga chote kichwani. Akafungua mdomo, na m ikamkamata mwanzoni kabisa. Midomo ikafungana. Mkewe aligeuka kutoka ukutani, akaketi, akamtazama. Hakumsaidia. Juu yao watu wa ghorofa ya pili walikuwa wakivuta viti. Walivuta, wakakaa, wakala, na Fundi bado alikuwa kwenye neno lile lile.

"M-m-mtu..." ilitoka mwisho. "Mtu ambaye s-siogopi kumpoteza... naongea naye vizuri. P-paka. Ukuta. Yeye... alikuwa haj-hajanijua. Hakuwa na cha kunicheka. Wewe... wewe unanijua. Ki-kila neno nikikwambia naona kama ndilo litakalo... litakalokuchosha."

Mkewe alimvisha mtoto soksi iliyokuwa ikimvuka.

"Nimekuchoka lini mimi?"

"B-bado."

"Bado!" Mkewe alicheka ghafla, kicheko kibaya chenye kamasi, akashika mshono wa tumbo kwa maumivu. "Usinichekeshe, nitapasuka. Ati bado." Akajipangusa uso kwa kanga ya mtoto. "Na akishakua? Akishakujua na yeye?"

Hilo Fundi alikuwa amekwisha kuliwaza, kwenye kile kiti cha hospitali. Siku moja yule binti ataelewa maneno, na m zitarudi. Alijua. Ndiyo sababu alisema haraka vile.

"Basi nita-nitakwama," alisema. "Na yeye atangoja."

"Atangoja," mkewe aliitikia. "Nitamfundisha."

Alijilaza tena, lakini safari hii ameelekea huku. Alisema titi la kushoto limekuwa gumu kama jiwe, kichwa kinamuuma, na kama hapo chini duka la dawa liko wazi, amletee za maumivu, zile za mama anayenyonyesha. Fundi alimlaza mtoto ubavuni mwake, akavaa koti, akashuka.

Dukani palikuwa na wateja wawili, mwanamke mzee na mwanafunzi mmoja. Alichukua dakika tatu kulitoa ombi lake, akalitoa. Akarudi akipanda ngazi mbili mbili, ana la kueleza.

Wote wawili walikuwa wamelala, mama mdomo wazi, mtoto ngumi shavuni. Nje theluji ilianza upya, laini, isiyo na sauti. Fundi aliweka dawa juu ya kigoda karibu na glasi ya maji. Akavua viatu asipige kelele, akakaa chini ukutani, koti bado mwilini, akangoja mmoja wao aamke.